Mkanda Wetu wa Watu Wanne

Benchi letu liko mbele ya duka la Fundi Saa, na leo kahawa inapoa vikombeni. Katikati yetu kuna kopo la bati lenye mkanda wa filamu. Tuliupiga watu wanne, mimi, Fundi Saa, Kinyozi na Dalali, kwa kamera moja: kila mmoja aliurudisha mwanzo akapiga vyake juu ya vya mwenzake, bila kuambiwa mwenzake kapiga nini. Tulipouonyesha ukutani tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mkasi wa Kinyozi ulikata mawingu yangu, na pikipiki za Dalali zilipita kwenye meno ya mke wa Fundi Saa, aliyekuwa anacheka. Muda si mrefu mama yule akafariki. Sasa kuna mkusanyaji wa filamu anautaka, kwa sharti kwamba tusibaki na nakala.

— Matajiri wanapenda kitu ambacho jirani hana, Kinyozi akaanza.

— Wapi! Wanapenda kisichoeleweka, akasema Dalali. Kikieleweka tu, bei chini.

— Ataufungia kwenye sanduku la chuma, wala hatautazama, Kinyozi akasema.

— Anangoja nini? nikauliza.

— Anangoja sisi tufe, akajibu. Waliotengeneza wakifa, mali inapanda.

Nikasema basi tuwe waangalifu tukivuka barabara. Hakuna aliyecheka.

Fundi Saa akaweka mkono juu ya kopo.

— Mke wangu yumo humu. Sina picha yake nyingine akicheka.

— Tukate kipande chake, ubaki nacho, Dalali akasema kwa sauti ya kubembeleza, na hiyo sauti ndiyo iliyoniudhi.

— Utakataje? Mkasi wa huyu uko shavuni kwake. Ukimtoa yeye, mmetoka wote.

Kinyozi akamkumbusha kwamba mkanda ni wa wote, na watatu tumeshakubali kuuza. Niliona aibu, maana wa tatu ni mimi.

Mkusanyaji akafika wakati huohuo, kijana mpole, akatuamkia wote. Alikuwa ameshautazama mkanda jana. Hakutaka kukaa. Alisema hanunui mpaka kila anayeonekana humo awe ameridhia.

— Sisi tumo, na tumeridhia, Dalali akawahi.

— Na yule mama anayecheka?

Dalali akainamia viatu vyake. Kinyozi akageukia barabarani. Fundi Saa akatutazama mmoja mmoja, akingoja tumjibie mkewe.