Kufuli Anaondoka, Njia Zibaki Zimefungwa

Baada ya miaka ishirini na tisa katika hospitali hii, fundi wetu wa mtandao, tuliyemzoea kwa jina la Kufuli, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni.

Alianza kwa kuvuta nyaya darini, akaishia kulinda ruta sitini na nne, vile visanduku vinavyogawa intaneti wodini na ofisini. Wengi tulimwona mkorofi. Ruta hizo zilikuja na mpangilio unaoruhusu kifaa chochote cha ndani, iwe printa au televisheni, kijifungulie njia ya kufikiwa kutoka nje ya hospitali bila kumwuliza mtu. Miaka sita iliyopita Kufuli aliuzima kote. Ukitaka njia, ujaze fomu. Atakufungulia kwa mkono na kuandika daftarini siku ya kuifunga.

Simu za video za madaktari zilikwama. Akiketi kwenye meza ya chai, ghafla kila mtu alikumbuka kazi yake. Mimi wa maabara niliandika katika jarida hili hili kwamba ni adui wa maendeleo. Alikuja, akaifungulia njia mashine yangu, akauliza tu: "Nikufungie lini, ndugu yangu?"

Sababu ya kuuzima nimeisikia juzi tu kwa muuguzi mkuu. Mwaka ule, kamera mpya ya wodi ya watoto njiti ilikuwa imejifungulia njia kwa siku mbili. Yeyote huko nje angeweza kuwatazama akina mama wakinyonyesha. Kufuli aliigundua kwenye orodha ya njia zilizo wazi, aliyoipitia kila asubuhi, penseli mkononi. Aliifunga, akawaarifu wakubwa, kisha akanyamaza ili akina mama wasitiriwe. Lawama zetu akazibeba peke yake.

Sasa uongozi ulitaka kuuwasha mpangilio ule Jumatatu, eti hakuna wa kushika nafasi yake. Upuuzi! Tangu lini uvivu ukaitwa teknolojia? Nilimwandikia mkurugenzi: ubaki umezimwa, orodha nitaipitia mimi hadi apatikane fundi. Amekubali, kwa shingo upande, kwa mwezi mmoja tu.

Jana Kufuli alinifundisha kuisoma. Chumbani mwake mna kiti kimoja tu. Alinipa mimi, akaeleza amesimama kwa saa mbili, kama mtu aliyengoja kuulizwa miaka yote hiyo.

Asante, Mzee, na utuwie radhi. Tunakutakia afya njema, na watu wa kukupigia simu siku ambayo hakuna kilichoharibika.