Kalama Gona Kitsao, Aliyesoma Nguzo ya Bahari Kipini

Marehemu Kalama alikuwa mwana wa Gona, aliyevusha watu wa Kulesa kwa mtumbwi wakati wa mafuriko ya mwaka 1961. Na mjukuu wa Kitsao, aliyetoka kusini na jembe moja akafyeka msitu ukawa shamba. Yeye aliipima bahari.

Alizaliwa Kulesa tarehe 14 Machi 1968, kitinda mimba wa Gona na Pekeshe. Dada yake Dama, aliyeishia darasa la nne, ndiye aliyemfunza kuhesabu kwa punje za mahindi. Alimaliza darasa la saba mwaka 1983. Tarehe 5 Desemba 1992 alifunga ndoa na Lorna, Garsen.

Mwaka 2008 watafiti walisimamisha nguzo yenye alama za sentimita Kipini. Setilaiti hupita juu kila baada ya siku kumi kasoro saa mbili, ikapiga maji kwa rada na kujua bahari imeinuka kiasi gani. Kalama walimpa kazi ya kuisoma nguzo dakika ileile, wapate kulinganisha. Bintiye Linda alimtania: "Baba, mashine ina macho. Yako ya nini?" Akamjibu, "Hata mzani wa duka hukaguliwa, mwanangu."

Mwaka 2014 mtafiti Anisa alimjia ana wasiwasi: "Mzee, rada yetu imeharibika? Wewe nayo mmepishana sentimita arobaini!" Angeweza kunyamaza. Akasema, "Mama, mashine haina kosa. Siku ile nilikuwa Kulesa nala wali wa mpunga mpya. Namba niliitoa kichwani." Hakurudia tena. Maji ya chumvi yalipounguza mpunga wa kijiji cha Ozi, daftari lake la vipimo ndilo lililoaminiwa kuonyesha kuwa bahari imepanda.

Hakuugua. Jamani, hakuugua hata mafua! Jumanne tarehe 13 Mei 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alisoma nguzo, akaandika, akashika kifua. Alikata roho njiani kwenda hospitali, kabla ya kufika Garsen. Uji wake ulikuwa bado mezani. Mpaka sasa hatujaamini.

Ameacha mjane Lorna, binti Linda, mwana Kitsao, dada Dama na wajukuu wanne. Mungu amlaze pema, naye apumzike.

Mliouliza mbona tunazika saa nane mchana: leo Ijumaa, saa mbili na dakika kumi na nane asubuhi, setilaiti ilikuwa ikipita tena, na Linda alikuwa na kazi Kipini. Jumanne ile, akiwa ameshika kifua pale chini ya nguzo, baba yake alimpa penseli. Linda akalia, "Nyamaza Baba, utaandika mwenyewe."

"Shika," akamwambia. "Hata kukiwa na msiba, nenda. Na usiandike usichokiona."