Saini ya Mtu Mzima Mmoja

Kijiwe chetu kiko Barking, huku kwa Waingereza, benchi la kaunsili mbele ya duka la masanduku la Kanti, na huchemka zaidi Ijumaa baada ya sala. Kahawa chungu hutoka kwa Kanti, ndani ya themosi, kwa sababu mkewe Usha hataki kutuona dukani. Kanti tunamwita Risiti, maana hakubali neno lisilo na karatasi. Jotham, Mkenya aliyeendesha mabasi ya ghorofa miaka ishirini, ni Ghorofa Mbili. Vuai, Mpemba, anatunza majengo ya skuli iliyo mtaa wa pili. Huyo ni Waziri wa Funguo, bunda zima kiunoni, utamsikia kabla hujamwona. Na Mzee Soud, aliyeingia nchi hii baada ya Mapinduzi na koti moja, ni Mshitaki, kwa barua zake za malalamiko. Ijumaa moja alikuja na fomu mkononi, kanuna hata salamu hakuitikia vizuri.

— Mjukuu wangu Time ana miaka kumi na nne na urefu wa mlango, akasema Soud. Skuli yao, hii ya mtaa wa pili, imealikwa ligi ya vijana ya mpira wa kikapu, kila Jumamosi. Wasichana tisa wako tayari. Inatakiwa saini ya mtu mzima mmoja tu wa skuli wa kwenda nao, mwisho leo saa kumi. Hakuna!

— Staff wote wale, saini moja hakuna? akauliza Jotham.

— Mie nilikuwepo, akasema Vuai. Nilikuwa juu ya ngazi mle staffroom, nabadilisha taa. Headteacher kasoma barua, kauliza nani atawachukua watoto. Yakhe, kila mtu kainama anatazama kiatu chake! Wallahi viatu havijapata kutazamwa vile.

— Na yule wa michezo, wa PE? akauliza Jotham.

— Kasema yeye mtu wa football. Wa hesabu kasema mitihani. Wa jiografia kasema Jumamosi ana bustani yake.

— Insurance hiyo, akasema Kanti. Mtoto akivunjika kidole, nani ataulizwa? Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

— Hiyo methali haiingii hapo, Kanti, akasema Soud.

— Iingie isiingie, ndiyo niliyo nayo.

— Wacha insurance, akasema Jotham. Ni uoga. Wakifungwa na shule jirani, wakaguzi wanaandika kwa report. Mimi nimebeba walimu kwa basi asubuhi, nawajua. Hao huogopa hata kubonyeza kengele ya kushuka.

— Sivyo! Vuai akasimama, funguo zikalia. Headteacher mwenyewe mfupi. Team ikipiga picha na kombe, atafika wapi? Kiunoni kwa Time! Ndiyo maana kaiua ligi mapema. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo nayo haiingii, akasema Kanti. Nyote hamjui. Wanataka kuuza ule ukumbi wa michezo wa skuli wajenge flats. Skuli yenye kombe, ukumbi wake hauuziki.

— Na hizo flats, akadakia Jotham, wanaweka dari chini makusudi, watoto wetu wasirefuke.

Tukacheka. Nami nilicheka, sikatai. Kuwacheka walimu wa watu ni raha isiyohitaji sukari.

— Nyie chekeni, akasema Soud. Jana Time hakula. Kaniambia kwa Kizungu chake, "Babu, leave it, they don't care." Angelisema kwa Kiswahili angalau angelilia, nikajua la kufanya.

— Nao kweli hawajali! akasema Vuai. Mie huu mwaka wa kumi na saba nimo mle. Wale ni maiti wanaolipwa mshahara. Ikifika saa tisa na nusu wa kwanza getini ni wao, na mie ndiye ninayewafungulia.

Mlangoni mwa duka alikuwa amesimama Adelina, nesi kutoka Bukoba, mpangaji mpya wa Kanti huko juu. Alikuwa amepewa kikombe chake siku ya kwanza.

— Shikamooni wazee. Naweza kuiona hiyo fomu?

— Marahaba, mwanangu. Soma, labda wewe utaona tusichokiona, akasema Soud.

Akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

— Hapa wameandika mfanyakazi yeyote wa shule, ambaye polisi wameshamchunguza kwamba anaweza kukaa na watoto. Hawakuandika mwalimu.

— Ehe?

Akamgeukia Vuai kwa heshima kabisa.

— Kwani wewe baba si wa shule?

Kijiwe chenye jibu la kila kitu kikatazama zile funguo. Miaka yote hiyo sisi wenyewe hatukumhesabu. Kwetu mtu wa skuli ni mwenye tai. Na ufunguo wa ule ukumbi wa kikapu ulikuwa unaning'inia kiunoni mwake, tunausikia kila siku. Nikamwonea haya, halafu nikajionea haya mwenyewe.

Kanti akainamisha themosi. Yakatoka matone mawili.

Mzee Soud akasimama. Akaichukua fomu, akaiweka juu ya goti la Vuai, na kalamu yake ya malalamiko juu ya fomu. Ilikuwa saa tisa kasoro robo.

— Lakini Jumamosi... akaanza Vuai.

Hakumaliza. Akainama, akatazama kiatu chake.