Kiti Kilicholia Kila Asubuhi: Wasifu wa Shangazi Yetu

Kila asubuhi, kabla ya kubandika chai, marehemu aliketi kwanza kwenye kiti kisicho chake. Kilikuwa kiti cha mbao cha mume wake, kilicholegea mguu mmoja wa nyuma, na akikikalia tu kililia kama mlango usiotiwa mafuta. Akishausikia mlio ule, aliinuka, akahamia kwenye kigoda chake karibu na dirisha, akavaa miwani na kufungua simu asome watu wa mtandaoni wameamka wakisema nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, binti pekee wa mfua vyuma wa karakana ya reli na mke wake mkunga, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kaka yake husema hadi leo kwamba dada yake alikuwa na haya tangu tumboni: mama mwenyewe mkunga, na bado mtoto alisitasita kutoka.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, akamaliza mwaka 1974. Shule ile ilikuwa na okestra ndogo. Wenzake waliwahi ala nyepesi, na yeye, aliyengoja wengine wote wachague, akaachiwa selo, ile ala kubwa ya familia ya fidla inayoshikwa katikati ya magoti. Ilimzidi kimo, akaipenda hivyo hivyo. Siku ya mahafali aliomba apige akiwa nyuma ya pazia. Mwalimu alimkubalia, na wazazi wakarudi makwao wakiulizana ile sauti nene ilikuwa ikitoka wapi.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali. Alishona mashuka, mapazia ya wodi na magauni ya madaktari wa upasuaji mpaka alipostaafu mwaka 2011. Wenzake walimwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa jinsi alivyopita katikati ya watu bila kusikika. Ni katika chumba hicho alipoingia fundi mmoja wa kutengeneza ala za muziki, akiomba vipande vya flana vya kutandika ndani ya sanduku la fidla. Alirudi tena kuomba vingine, akarudi tena, hadi msimamizi akachoka naye. "Fundi, sanduku gani hilo lisilojaa? Sema unachotafuta." Walifunga ndoa Desemba 1981. Hawakujaliwa mtoto, lakini watoto wa kaka yake walilelewa nusu kwao.

Katika chumba cha nyuma, chenye magodoro yaliyoegemezwa ukutani, wawili hao walipiga muziki wao. Yeye alishika selo, mume fidla na filimbi, wakijirekodi sauti juu ya sauti mpaka watu wawili wakasikika kama okestra nzima. Mwaka 2008 walianza kuuweka mtandaoni, bila jina wala sura, ila picha ya kiti na kigoda vimekaa kando ya dirisha. Wasikilizaji wakawaita Kiti na Kigoda, wakafungua jukwaa la kuwajadili.

Mijadala ilikuwa mikali. Wapo walioapa kwamba ni mapacha waliogombana na dunia, na wapo walioshikilia kuwa ni mzee mmoja mwenye mashine. Mmoja aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa sauti alieleza kwa kirefu kwamba mwangwi wa kipande kimoja ni wa kanisa la mawe. Mume alicheka akishika mbavu, maana hicho walikirekodi bafuni. Kilichobishaniwa zaidi ni mlio uliosikika mwanzoni mwa kila kipande. Baada ya kuvutana sana, walikubaliana kwamba ni mtu anakaa kitini. Wakampenda mtu huyo bila kumjua.

Mume wake alifariki ghafla tarehe 20 Agosti 2017, akaacha sauti nyingi za fidla alizokwisha kurekodi lakini hazijaungwa na chochote. Marehemu alimzika, akarudi chumba cha nyuma na kuanza kuziunganisha na selo yake. Kipande cha kwanza kilitoka bila ule mlio, kwa sababu hakukuwa na wa kukaa. Jukwaa likawaka. Yule wa kiti yuko wapi? Wengine walisema wamekosana. Mmoja akaandika kwamba lazima amekufa, na watu wakaanza kutoa pole.

Marehemu aliyasoma yote hayo. Yeye mwenyewe alikuwa mwanachama mle, kwa jina la Sindano, basi akaandika kwamba huenda kiti kimetengenezwa tu. Jibu halikuchelewa: "Wewe Sindano, kashone. Muziki huu una wenyewe." Kisa hicho alikisimulia mara nyingi, akicheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja.

Kipande kilichofuata, alikaa yeye kwenye kiti cha mume. Kwa vile alikuwa mwepesi na kiti kililia kidogo mno, alipakata kichwa cha cherehani mpaka uzito ukatosha. Jukwaani waliandika, "Karudi jamani." Tangu hapo hakukosa asubuhi hata moja kukijaribu, asije akakuta kimenyamaza.

Mwaka 2021 viungo vya vidole vilianza kuvimba. Kipande cha mwisho kilitoka Januari 2023. Februari moyo ukamsumbua, akalazwa katika hospitali ile ile aliyoifanyia kazi, na jambo la kwanza alilofanya ni kukagua pindo la shuka. Alitutoka asubuhi ya tarehe 14 Juni 2023, mkono wake ukiwa katika mkono wa wifi yake.

Ameacha kaka, wifi, watoto wanne wa kaka yake na wajukuu. Wapo pia hapa wageni ambao ukoo hauwafahamu, waliosafiri baada ya kusoma tangazo jukwaani. Karibuni sana, nanyi ni wafiwa. Tangazo hilo liliandikwa kama alivyoagiza: msiba wa wote wawili utajwe pamoja, kwa siku moja. Mungu ampe pumziko jema kando ya mume wake, ambako leo tunamlaza.

Binti wa kaka yake, aliyeishi naye miaka ya chuo kikuu na ambaye ndiye anayesoma maneno haya, hakuwahi kumhoji shangazi yake juu ya kiti. Nyumba ile ilikuwa ya watu wawili wenye haya. Ila siku moja pale wodini, akimkunjia kanga, alimwuliza, "Shangazi, kwa nini hukuwaambia tu watu wa jukwaani kwamba amefariki? Wangekupa pole."

Marehemu alinyoosha pindo la shuka kwa kidole kilichovimba.

"Kule bado tuko wawili," akasema.