Kiti Alichokikabidhi Mzee Pua

Kwa miaka kumi na miwili baba yetu hakukanyaga nyumba ya dada yake. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, na nyumba zao zilitenganishwa na mitaa miwili na daraja la waenda kwa miguu. Harusi zilifanyika pale, watoto wakazaliwa pale, yeye akatuma salamu kwa mkono wa mke wake. Akiulizwa alijibu, “Nitakwenda, kazi zikipungua.” Kazi hazikupungua. Wengine mlisema ana kiburi. Wengine mlisema wamegombania urithi, kana kwamba babu yetu aliacha kitu cha kugombaniwa. Ugomvi haukuwepo. Palikuwa na jambo, na wasifu huu unalitaja kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza litajwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1955, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mtoto wa kwanza wa baba mwashi na mama mfua nguo. Dada yake, ambaye ni shangazi yetu, alimfuata miaka minne baadaye. Mama yao alipokwenda kufua kwenye nyumba za watu, kaka ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni. Nguo zake zote za utotoni, alituambia, zilikuwa zimefifia mgongoni kwa sababu ya mkojo wa huyo bibi mdogo. Shangazi alikuwa akimjibu, “Na wewe ulikuwa unanikalisha juani ili nikauke!”

Alianza shule ya msingi mwaka 1963 na kumaliza mwaka 1969. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Tunachokikumbuka kutoka shuleni ni kisa cha rula. Rula yake ya plastiki ilivunjika, naye akaketi nyuma ya darasa akiyeyusha ncha zake kwa kibiriti ili aziunganishe. Moshi ukafika mbele. Mwalimu akauliza, “Nani anateketeza shule yangu?” Mtoto yule akasimama bila kusukumwa: “Ni mimi, mwalimu. Lakini imeungana.” Alichapwa, kisha mwalimu akaikunja ile rula, akaona kweli imeungana, akamrudishia. Baba alikuwa akikisimulia kisa hiki kwa kicheko. Baadaye aliacha kukisimulia, nasi hatukujua kwa nini.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika kiwanda cha ndoo na mabeseni. Huko alijifunza kwamba plastiki ni makabila mengi na kwamba kila kabila huungana na ndugu zake tu. Ukilazimisha makabila mawili yakae pamoja, yatashikana kama watu wanaopeana mikono barabarani, kisha kila mmoja aende zake. Alijifunza pia kuzitambua kwa moshi. Alikwangua unyuzi, akauchoma, akaunusa, akakuambia ni nini. Ndiyo asili ya jina la Mzee Pua, na alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake.

Alimpata mama yetu kwa pua hiyo hiyo. Mama alikuja kiwandani na beseni lililopasuka, akalalamika kwamba ni bovu. Baba akachoma unyuzi wake, akanusa, akasema, “Dada, hili si letu.” Mama akamtazama. “Wewe ni fundi au ni mbwa wa polisi?” Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1981. Walijaliwa watoto watatu, na mama hakuacha kumtania kwamba mahari ya kwanza ilikuwa beseni lililozibwa.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1990, baba alifungua kibanda karibu na kituo cha pikipiki, na hapo ndipo wengi wenu mlipomfahamu. Kazi iliyompa sifa ilikuwa masikio ya viti. Wasiopanda pikipiki waelewe: chini ya kiti kuna sahani ya plastiki, na mbele ya sahani hiyo kuna sikio, yaani kipande kinachochomeka chini ya tangi la mafuta na kuzuia kiti kisiinuke. Nyuma kuna kufuli. Sikio likivunjika, kiti bado hukaa, na ukikitazama utadhani kizima, lakini kimeshikwa upande mmoja. Mafundi wengine walisema nunua kiti kipya. Baba alichonga sikio jipya kutoka kwenye bampa kuukuu la gari, akaliyeyushia mahali pake kwa chuma cha moto, akalivuta kwa koleo, kisha akampa mwenye pikipiki hilo koleo: “Vuta mwenyewe, usiniamini mimi.” Alikuwa fundi mzuri. Tunalisema hilo bila haya, kwa kuwa yanayofuata tunayasema kwa haya.

Katika debe lake la vipande mlikuwa na vipande vya bampa na vipande vya matangi ya maji. Vyote vyeusi. Bampa ni kabila moja na sahani ya kiti; tangi ni kabila jingine. Kwa macho havitofautiani. Kwa moshi, tangi hunuka mshumaa mtupu, na bampa hunuka mshumaa uliotiwa dizeli kidogo. Tofauti ni hiyo tu, na ilikaa katika pua ya mtu mmoja.

Mwezi Juni mwaka 2011 baba alishikwa na mafua makali. Mama alimwambia alale. Akaenda kazini. Asubuhi hiyo alikuja dereva ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu, kwa sababu hata kuku walimpita barabarani. Sikio la kiti chake lilikuwa limevunjika. Madereva wenzake walikuwa wameketi pale wakisubiri abiria. Baba akachukua kipande, akakichoma, akakiinua puani.

“Vipi, mzee,” Taratibu akauliza, “mbona leo umenusa haraka hivyo?”

Mwingine akadakia, “Mwache! Pua hiyo ina leseni!”

Wakacheka wote, na baba akacheka nao. Hakuwa amenusa chochote. Moshi ungekuwa wa plastiki au wa kuni, kwake ulikuwa mamoja. Ingemtosha kusema, “Jamani, nina mafua, rudi keshokutwa.” Aliona aibu, mtu anayeitwa Pua, kukiri mbele ya watu kwamba pua imeziba. Akafanya kazi. Sikio likashika. Taratibu akavuta kwa koleo, likakaa. Kilikuwa kipande cha tangi.

Wiki haikuisha. Shangazi yetu, ambaye ni mshonaji, alipanda pikipiki ya Taratibu akiwa na furushi la sare za shule. Walipoanza kupanda kilima, mbele ya kiti pakainuka, kufuli likafyatuka, na shangazi akaanguka nyuma pamoja na kiti chenyewe. Kifundo cha mguu wa kulia kilivunjika vibaya. Hakikukunjika tena. Tangu siku hiyo anakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto.

Kikao kilifanyika uani kwa shangazi. Kiti kiliwekwa katikati, juu ya mkeka, watu wakikizunguka. Taratibu alisimama na mkono uliofungwa bendeji, akisema kiti kilitoka chenyewe. Hakuna aliyemsikiliza. “Kiti kina miguu?” mmoja akamuuliza. Mwingine akasema, “Hiyo taratibu yako ilikuwa ya pombe, leo tumejua.” Baba aliinama kama anayekagua. Sehemu ya kuunga ilikuwa laini, imebanduka kama karatasi ya chupa. Akajua papo hapo. Sikio lenyewe lilikuwa limebaki likining’inia pembeni. Akalichomoa, watu wakimtazama Taratibu, akalitia mfukoni.

Wazee wakamuuliza, “Fundi, kazi hii ni yako. Ina kasoro?”

Akajibu, “Mimi nilikabidhi kitu kizima.”

Maneno hayo yalitosha. Chama cha madereva kikamwondoa Taratibu kituoni, akaitwa mlevi mpaka jina lake la zamani likasahaulika. Leo anasukuma mkokoteni sokoni. Mtu ambaye hajawahi kuonja pombe.

Baba aliendelea na kazi, lakini hakupokea tena sikio la kiti. Aliziba ndoo, akaunga mabeseni na viti vya kulia. Madereva walipomletea masikio alisema macho yamechoka. Mama alimwona akiamka, akikaa kitandani, akilala tena. “Baba watoto, una nini?” “Gesi tu.” Na nyumba ile yenye ua na mkeka akaacha kuiendea.

Aliugua mapafu kuanzia Oktoba mwaka 2022. Madaktari walisema moshi ulikuwa umekaa mwilini miaka mingi. Mwezi Februari, akiwa amelazwa sebuleni nyumbani kwake, alituomba tumwite dada yake. Alimweleza yote mbele yetu, akitazama dari. Alipomaliza, shangazi akamgeukia.

“Kaka,” akasema, “yule kijana umemwambia?”

“Sijaweza.”

“Basi kwangu unafanya mazoezi tu.” Akachukua fimbo yake. “Mwambie yeye kwanza. Mimi mguu wangu umeshaniganda. Jina la mtu haliwekewi plasta.”

Tukamfuata Taratibu sokoni. Alikuja na jasho la kazi, akakataa kiti, akasikiliza akiwa amesimama mlangoni. Baba alilia. Taratibu hakulia.

“Mzee, nimekusikia,” alisema. “Ila mimi sikuitwa mlevi chumbani. Niliitwa uani, watu wamejaa. Sasa unanisafisha hapa, mimi na wewe na dripu?”

Baba alitaka kubebwa mpaka kituoni siku ile ile. Hakuweza hata kukaa. Ndipo akasema, “Watu watajaa tena siku ya kunizika. Msomeeni siku hiyo. Msinipambe.”

Tulibishana kuhusu hili, tusiwafiche. Baba yetu mdogo, aliyelelewa naye, alisema marehemu hasemwi, na kwamba watoto wenye akili hawamvui nguo baba yao mbele ya kaburi. Tulikuwa karibu kukubaliana naye, kwa sababu ni rahisi zaidi. Mama ndiye aliyekata shauri. “Someni,” alisema. “Mimi ndiye niliyelala naye. Ninyi mlikuwa mnasikia anakohoa tu.”

Kwa hiyo tunasema mbele yenu nyote, na wengi wenu mlikuwepo uani siku ile: Taratibu hakuwa amelewa. Hakukosea. Kiti kilitoka kwa sababu sikio liliungwa kwa plastiki isiyo yake, na aliyeliunga alijua, akanyamaza, akaacha mtu mwingine abebe. Aliyefanya hivyo ni baba yetu, tuliyempenda na tunayempenda. Taratibu, hatukuombi umsamehe leo. Tunaomba wote waliosikia lile wasikie na hili, na walibebe mpaka kituoni.

Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 6 Mei 2023, sebuleni kwake. Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja na mdogo wake wa kulelewa pamoja.

Udongo umpokee kwa upole, na yule aliyedhulumiwa naye apate haki yake kwetu tuliobaki.

Sasa hivi jeneza lake liko juu ya mbao mbili zilizolazwa mdomoni mwa kaburi. Bado halijateremshwa; tumetaka haya yasemwe naye akiwepo.