Mama Selpha Asio Omuse na Mtu Wake wa Gunia

Wazee wetu, majirani wa Malaba, na nyinyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Tororo, mimi ni Sharlyne, kitinda mimba wa Mama, familia imeniomba niwasomee maisha yake, na mkiona nakimbiza maneno mnivumilie, nikisimama sitaweza kuanza tena.

Mama Selpha Asio alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 huko Amukura, binti wa tatu wa marehemu Mzee Olinga, akasoma huko huko hadi kidato cha nne mwaka wa 1981, akasomea uuguzi Kakamega, akaajiriwa mwaka wa 1986 katika zahanati moja hapa karibu na mpaka, na hapo alihudumu mpaka alipostaafu mwaka wa 2023. Aliolewa na Baba, Mzee Omuse, mwezi wa Desemba 1987, wakajaliwa mabinti watatu, Akiteng, Alaso na mimi.

Mwaka wa 2015, baada ya kuona watu wakifia kwenye foleni ya malori kabla ya ambulensi kufika, alianza kufundisha watu wa boda na wauza chakula huduma ya kwanza, na kwa vile sanamu za kufundishia hazinunuliki, alishona mtu wake mwenyewe kwa gunia la mahindi, ndani akaweka chupa ya plastiki, mdomo wake akauziba kwa kipande cha muhogo, ukimkumbatia kutoka nyuma na kumbana vizuri juu ya kitovu, muhogo unaruka, ukikosea haung'oki, na Mama anakuambia, "Boss, huyo umeshamzika, rudi nyuma ya foleni." Watu wa boda walimuuliza kama Mzee haoni wivu na huyo mwanaume wa gunia, wakacheka, lakini walijifunza. Sisi mabinti zake hatukujifunza, tulisema anatuaibisha, wageni wakija tunalisukuma gunia chini ya kitanda.

Aliyejua kuliko wote ni mume wangu Oduori, mwendesha boda kutoka Funyula, aliyenioa mwaka wa 2024, Mama alimfundisha akiwa mbali, gunia katikati yao, maana mkwe hamgusi mama mkwe, na Julai mwaka jana Oduori alimkumbatia tanboi, msaidizi wa dereva wa lori, aliyekabwa na mandazi pale foleni, na huyo tanboi yuko hapa leo, mzima.

Mama hakuugua. Kuna waliotaka nisome kwamba ni presha iliyomuua, sisomi presha. Jumamosi tarehe 17 Januari 2026 mimi na Oduori tulimletea mtoto wetu amwone, wanaume wakala sebuleni, sisi jikoni na Mama, nyama ikamkaba, akashika koo, hakohoi, hasemi, tukampigapiga kichwani, tukamlazimisha maji. Oduori alikuja mbio mpaka mlangoni, mikono ameshainyoosha, na wanawake wote tukapiga kelele, na mimi nikiwemo, "Rudi, Oduori! Huyo ni mkweo!" Mama alikuwa anamwita kwa mkono. Sote tulimwona. Oduori akasimama, na Mama akatutoka njiani tukimkimbiza hospitali.

Sasa nasikia inasemwa Oduori alimtazama tu akifa, kwamba arudi kwao na mtoto abaki huku, na naogopa, wazee wangu, kweli naogopa, lakini mjue miguu yake ni sisi tuliifunga, mimi sina uso wa kumtazama hata yeye.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, ingawa tuliwapelekea mtu aliyekwisha kwenda, wenzake wa zahanati, majirani waliokesha nasi, na watu wa boda waliosindikiza mwili kutoka mochari. Tunawashukuru pia wazee wa pande zote mbili, waliokaa jana wakakubali kwamba leo Oduori anaweza kubeba jeneza la mkwe wake.

Mama, tumemruhusu sasa, ukiwa umeshapoa. Tusamehe, na upumzike kwa amani.