Mokami Mniko, Aliyekagua Zizi la Kura

Hapana, Mokami hakumnyima baba yake uenyekiti. Bibi yake, Agustina, alilikataa neno hilo siku lilipotoka kinywani mwa mwanawe Mniko, na leo mbele ya jeneza bado analikataa. Wenye kubisha wasikilize kwanza.

Mokami alizaliwa Issenye, wilaya ya Serengeti, tarehe 4 Agosti 1987. Bibi huapa kwamba asubuhi ile tembo walikatiza katikati ya mtama bila kugusa hata suke. Asiyeamini akawaulize tembo.

Alisoma hukohuko Issenye hadi sekondari, kisha hisabati na kompyuta chuo kikuu, Dar es Salaam. Lakini shule yake ya kwanza ilikuwa zizi. Fisi alipowasumbua, kaka zake walikesha na tochi. Yeye, mchana kweupe, alizunguka ua wote akipenyeza kichwa kila palipo na upenyo: kikipita kichwa chake, na fisi atapita. Mahali pamoja kilipita kikagoma kurudi. Bibi alicheka kwanza, ndipo akafuata panga.

Mwaka 2014 aliolewa na Godwin Waitara wa Tarime, kwa ng'ombe ambao bibi huwaongeza kila anaposimulia.

Kazi yake ikawa ileile ya zizi: kukagua programu za kompyuta. Wengine huijaribu programu ya kupigia kura mara nyingi, wakaridhika. Huko ni kukesha na tochi. Mokami hakupitisha programu mpaka athibitishe kwa hisabati kwamba hakuna mwanya wowote, hata ule ambao hakuna aliyeufikiria, wa kupoteza kura au kuizidisha.

Mwaka 2019 ushirika wa wafugaji ulimpa aikague programu ya kumchagua mwenyekiti wake. Majaribio yote ya Mugumu mjini yalikuwa yamefaulu. Yeye akaona mwanya: mtandao ukikatika kura ikiwa njiani, simu huituma tena, nayo huhesabiwa mara mbili. Na mtandao hukatika zaidi kule vijijini, kwa watu wa Mniko, aliyekuwa mgombea. Binti akakataa kuipitisha. Kura zikapigwa kwa karatasi, baba akashindwa.

"Nimezaa fisi," alisema Mniko, na hakusema naye tena.

Saratani ya damu ilimshika Mokami mwaka 2023. Alifariki Mwanza tarehe 11 Machi 2025. Ameacha mume, watoto wake Robi na Daudi, kaka zake, baba yake na bibi yake. Mungu ampe usingizi usio na zamu ya kukesha.

Siku moja kabla hajafariki, bibi alikuwa kando ya kitanda akimwambia kwamba baba yake yuko njiani, ingawa hakuwa na habari zake hata kidogo. Mokami alitabasamu.

"Bibi, wewe uliwahi kusema kweli lini? Thibitisha."

Bibi akajiweka sawa. Mniko amefika Bunda, alisema, amekodi lori, maana ng'ombe wote wamegoma kubaki nyumbani, na yule dume mweusi ndiye anayemwelekeza dereva...

Mlango ukafunguliwa. Mniko akaingia, kofia mkononi, viatu vimejaa vumbi la Issenye. Bibi akawaacha ng'ombe hukohuko barabarani.